Kupima Densiti ya Kimiminika kwa Tungamo na Ujazo: Mwongozo Kamili

Kiswahili kina neno moja, "zito", linalobeba kazi mbili. Gundi ikitiririka polepole tunasema ni nzito. Chuma kikituelemea mkononi tunasema ni kizito. Ndiyo maana mtu akiona mafuta ya kupikia yanavyoteremka taratibu kwenye chupa husema ni mazito kuliko maji, halafu anashangaa akiyamimina juu ya maji na kuyaona yanaelea. Alichokiona kwenye chupa ni mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka. Kinachoamua kipi kikae juu na kipi kizame ni densiti, na hiyo jicho haliwezi kuikadiria. Sharti ipimwe.

Densiti, ambayo wengine huiita msongamano, ni tungamo lililomo ndani ya kila kipande cha ujazo. Kanuni yake ni fupi:

densiti = tungamo ÷ ujazo

Mtu akiitazama kanuni hiyo hudhani kazi yenyewe ni nyepesi: pima gramu, pima mililita, gawanya. Nimeona watu wengi wakifanya hivyo hivyo na kupata majibu manne tofauti kwa kimiminika kimoja. Mara nyingi mizani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ujazo. Mwongozo huu unafuata jambo hilo hatua kwa hatua: namna ya kupata ujazo unaoaminika, na namna ya kuukwepa kabisa inapowezekana.

Vizio, na kwa nini maji ni karibu 1

Tungamo tutalipima kwa gramu (g) na ujazo kwa mililita (ml). Mililita moja ni sawasawa na sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo g/ml na g/cm³ ni kitu kilekile. Ukitaka kilo kwa mita ya ujazo, zidisha kwa 1000: 1.07 g/ml ni 1070 kg/m³.

Maji yana densiti ya karibu 1 g/ml kwa sababu yalikusudiwa hivyo. Wafaransa walipounda mfumo wa metriki mwishoni mwa karne ya 18, waliazimia kilo iwe tungamo la maji yanayojaza desimita moja ya ujazo. Mwaka 1901 lita ikafafanuliwa kwa njia hiyohiyo kutoka upande wa pili: nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji safi yakiwa kwenye densiti yake ya juu kabisa. Vipimo vya makini zaidi vikaonyesha kuwa lita hiyo ilizidi desimita ya ujazo kwa sehemu 28 kati ya milioni. Mwaka 1964 fasili hiyo ikafutwa, na lita ikarudi kuwa desimita moja ya ujazo kamili. Hata wapimaji bora wa dunia waliwahi kusumbuliwa na ujazo.

Hizi ni namba za kulinganishia, kwa g/ml, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi:

ethanoli: 0.789
mafuta ya mimea: 0.91 hadi 0.93
maji safi: 0.998
maji ya bahari: karibu 1.025
gliserini: 1.26
asidi ya salfuriki kali: 1.84
zebaki: 13.55

Mbili za mwisho zimo kwa ajili ya kulinganisha tu. Usizipime nyumbani. Petroli na ethanoli nazo zipimwe mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto, kwa maana mvuke wake huwaka.

Vifaa

Unahitaji mizani ya kielektroniki inayosoma hadi 0.1 g, silinda ya kupimia ya 100 ml, pipeti au bomba la sindano lisilo na sindano, kipimajoto, na kitambaa kikavu. Kama huna silinda, usivunjike moyo; njia ya chupa iliyo huko mbele haiihitaji, na kwa kweli ni bora zaidi. Kikombe cha jikoni chenye mistari ya mililita usikitumie kusomea ujazo, kwa sababu ni kipana mno: tofauti ndogo ya kina ambayo jicho haliitambui inabeba mililita nyingi.

Ukitaka kuijaribu mizani yako, weka silinda tupu juu yake, isome, iondoe, irudishe, isome tena. Fanya hivyo mara tano. Masomo yakitofautiana kwa zaidi ya 0.1 g, angalia kama meza ni sawa na imetulia, na kama hakuna feni inayopuliza.

Kusoma ujazo

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu.

Mimina maji kwenye silinda ya kioo na uinamishe kichwa mpaka jicho liwe sambamba na uso wa maji. Utaona uso huo haukunyooka. Pembeni, maji yamepanda kidogo kwenye ukuta wa kioo, katikati yamebonyea. Ujazo husomwa kwenye sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo huo. Ukisoma pale maji yalipogusa ukuta, umeongeza kitu kisichokuwepo. Kipande cha karatasi nyeusi kikishikwa nyuma ya silinda, chini kidogo ya uso wa maji, kinaufanya mbonyeo uonekane kama mstari mweusi ulio wazi. Kwenye silinda za plastiki uso wa maji huwa karibu bapa, na hiyo ni nafuu.

Sasa jicho. Katika silinda ya 100 ml, mililita moja huwa na kimo cha milimita moja na nusu hadi mbili tu. Jicho likiwa juu ya uso wa maji, mstari wa kuona unakata alama zilizo upande wa mbele mahali pa juu zaidi. Utasoma ujazo mkubwa kuliko ulivyo, na densiti itatoka ndogo. Jicho likiwa chini, mambo yanageuka. Usiinue silinda kuileta usoni, kwa sababu mkono huiinamisha. Iache mezani, wewe ndiye uiname.

Matone nayo yana hila yake. Tone lililoganda ukutani juu ya uso wa kimiminika linapimwa na mizani, lakini halimo katika ujazo unaousoma. Tungamo linaongezeka, ujazo haubadiliki, densiti inatoka kubwa kuliko ilivyo. Kiputo cha hewa kilichonaswa chini hufanya kinyume chake: kinapandisha uso wa kimiminika bila kuongeza gramu yoyote. Kwa hiyo mimina taratibu kwa faneli yenye shingo ndefu, kausha ukuta wa juu kwa kitambaa kilichosokotwa kwenye kijiti, na gongagonga silinda kidogo mpaka viputo vipande. Mafuta na gliserini viache vitulie robo saa kabla ya kusoma.

Ukubwa wa kipimo nao una uzito wake. Tuseme unaweza kukosea kwa nusu mililita. Ukipima 10 ml, kosa hilo ni asilimia 5; kwa namba hiyo huwezi kutenganisha maji safi na maji ya bahari. Ukipima 100 ml, kosa lilelile linakuwa nusu asilimia. Pima kingi kadiri chombo kinavyoruhusu.

Kipimo cha kwanza

Tuchukue maji ya chumvi: gramu 20 za chumvi zilizoyeyushwa katika gramu 180 za maji, yaani chumvi asilimia 10 ya tungamo lote. Koroga hadi punje ziishe, kisha acha yafikie halijoto ya chumba.

Pima silinda ikiwa tupu na kavu. Yangu ilikuwa 42.6 g. Andika namba hiyo. Usitegemee kitufe cha sifuri peke yake, kwa maana mizani nyingi hujizima zenyewe katikati ya kazi na kukupotezea sifuri yako. Ondoa silinda kwenye mizani kabla ya kumimina, ili tone likidondoka lisianguke kwenye sahani ya mizani na kuhesabiwa. Mimina hadi karibu na alama ya 100, malizia kwa pipeti tone kwa tone, kausha ukuta, soma, kisha rudisha silinda kwenye mizani. Ilisoma 149.7 g.

Tungamo la maji ya chumvi: 149.7 − 42.6 = 107.1 g
Densiti: 107.1 ÷ 100 = 1.07 g/ml

Kikokotoo kitakuonyesha 1.071. Tarakimu ya mwisho iache, kwa sababu ujazo wako haukusomwa kwa usahihi huo. Pia pima halijoto na uiandike pembeni ya jibu.

Vipimo vitano na mstari mmoja

Kipimo kimoja hakikuambii kama umekosea. Rudia kwa ujazo tofauti, kuanzia mdogo, ukiongeza kimiminika kilekile kwenye silinda ileile. Hivi ndivyo ilivyotoka, tungamo likiwa la silinda pamoja na kilichomo:

20 ml: 64.1 g
40 ml: 85.3 g
60 ml: 106.9 g
80 ml: 128.1 g
100 ml: 149.7 g

Chora grafu. Ujazo uweke kwenye mhimili wa chini, tungamo kwenye mhimili wa wima, weka nukta tano, kisha chora mstari mmoja ulionyooka unaopita karibu nazo zote iwezekanavyo. Usiunganishe nukta kwa nukta. Mteremko wa mstari ndio densiti: kutoka 20 ml hadi 100 ml tungamo limepanda kwa 85.6 g, na 85.6 ÷ 80 ni 1.07 g/ml.

Ninaipenda njia hii kuliko maelezo yote ya darasani, na sababu iko kwenye mstari wenyewe. Urefushe kuelekea kushoto mpaka ukate mhimili wa wima, pale ujazo ulipo sifuri. Unakata kwenye 42.6 g. Ni tungamo la silinda tupu! Grafu imelitoa yenyewe bila kuambiwa. Maana yake ni kwamba hata ungesahau kupima silinda ikiwa tupu, au mizani ikiwa inaongeza gramu mbili kwenye kila kipimo, mteremko usingebadilika. Kosa lisilobadilika huhamia mahali mstari unapoanzia, na densiti inabaki salama.

Grafu hufichua pia nukta mbaya. Nne zikikaa kwenye mstari na moja ikajitenga, usiifute kimyakimya. Rudi ukaipime tena. Ukikuta nukta zote zinapinda kidogo badala ya kunyooka, jiulize kama kimiminika kilikuwa kinapoa au kuvukiza wakati ukipima.

Chupa moja, alama moja

Njia hii ndiyo ningemfundisha mtu wa kwanza kabisa asiye na maabara, kwa kuwa inaondoa usomaji wa mililita. Tafuta chupa ndogo ya kioo yenye shingo nyembamba na chora mstari mwembamba shingoni kwa kalamu isiyofutika. Shingo ikiwa nyembamba, tone moja tu linasogeza uso wa maji kiasi cha kuonekana, na hapo ndipo usahihi unapotoka. Maabara zina chupa maalumu za kazi hii, zenye kifuniko cha kioo chenye tundu jembamba katikati. Unajaza, unafunika, kilichozidi kinatoka kwa tundu, unafuta nje na kupima.

Pima chupa ikiwa tupu na kavu. Tuseme ni 28.3 g. Ijaze maji safi hadi mstarini na upime: 131.6 g. Maji ni 103.3 g. Ikiwa halijoto ni nyuzi 25, densiti ya maji ni 0.997 g/ml, kwa hiyo ujazo wa chupa hadi mstarini ni 103.3 ÷ 0.997, yaani 103.6 ml. Umepata ujazo kwa kutumia mizani, bila kusoma alama yoyote ya kiwandani.

Mwaga maji, kausha chupa hadi ndani kabisa, jaza mafuta ya mimea hadi mstari uleule na upime: 123.4 g. Mafuta ni 95.1 g. Gawanya kwa 103.6 na utapata 0.918 g/ml. Hapa una haki ya kuandika tarakimu tatu baada ya nukta.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Maji yaliyobaki yatakaa chini ya mafuta bila kuonekana. Kama kimiminika chako huchanganyika na maji, suuza chupa mara mbili kwa kiasi kidogo cha kimiminika hichohicho, mwaga, ndipo ujaze. Kama hakichanganyiki, usiwe na haraka. Iache chupa kichwa chini mpaka kesho yake.

Kuna njia nyingine inayofuata wazo lilelile. Weka glasi ya kimiminika juu ya mizani, bonyeza sifuri, kisha zamisha boliti ya chuma iliyofungwa kwa uzi mwembamba, ikiwa imefunikwa yote na haigusi chini wala pembeni. Mizani itaonyesha tungamo la kimiminika kilichosukumwa na boliti, na hiyo ni kanuni ya Arkimedi ikifanya kazi mbele yako. Katika maji ya nyuzi 25 boliti ikisoma 24.9 g na katika maji ya chumvi ikasoma 26.7 g, basi densiti ya maji ya chumvi ni 26.7 ÷ 24.9 × 0.997, yaani 1.07. Jibu lilelile la silinda, kwa njia isiyohusiana nayo kabisa. Majibu mawili ya namna hiyo yakikubaliana, yaamini.

Haidromita nayo hutumia kuelea: bomba la kioo lililotiwa uzito chini huzama zaidi katika kimiminika chepesi na kidogo katika kizito. Ni chombo cha kale. Mwanzoni mwa karne ya 5, Synesius wa Kirene alimwandikia mwalimu wake Hypatia wa Aleksandria akiomba atengenezewe bomba la namna hiyo lenye alama. Ukiwa nayo, itumie kuhakikishia jibu lako.

Halijoto

Kimiminika kikipata joto hutanuka. Tungamo linabaki lilelile, ujazo unaongezeka, densiti inashuka. Maji hupungua kutoka 0.9982 kwenye nyuzi 20 hadi 0.9957 kwenye nyuzi 30, robo asilimia tu. Ethanoli hupungua karibu asilimia 1 kwa nyuzi hizohizo kumi. Biashara ya mafuta ya petroli inalijua hili vizuri, ndiyo maana ujazo wake husahihishwa hadi nyuzi 15 katika nchi nyingi.

Maji yana tabia yake ya pekee: yanapopoa kutoka nyuzi 4 kwenda 0, yanaanza kutanuka badala ya kusinyaa. Densiti yake ya juu kabisa iko karibu na nyuzi 4.

Jibu likikataa

Ukipata densiti inayopungua kadiri ujazo unavyoongezeka, karibu hakika umesahau kutoa tungamo la chombo. Kwa vipimo vyetu vya juu, 64.1 ÷ 20 ingetoa 3.2 na 149.7 ÷ 100 ingetoa 1.5. Kimiminika hakibadiliki densiti kwa kuwa kingi. Tone na pipa vina densiti moja.

Maji safi yakikupa 0.95, tafuta viputo, jicho lililokaa juu mno, au silinda iliyokuwa na maji ulipoipima ikiwa "tupu". Yakikupa 1.05, tafuta matone ukutani au jicho lililokaa chini mno. Kabla ya kupima kimiminika kigeni anza na maji kila mara, kwa kuwa jibu lake unalijua. Usipolipata hilo, hutalipata la kile usichokijua.

Vimiminika vikichanganywa

Densiti ikishapimwa inaweza kukuambia kilichomo. Maji yenye chumvi asilimia 5 yana 1.034, ya asilimia 10 yana 1.071, ya asilimia 20 yana 1.148, yote kwenye nyuzi 20. Chora namba hizo, weka jibu lako kwenye mstari, na utajua chumvi ni kiasi gani bila kukausha hata tone.

Lakini usijaribu kukisia densiti ya mchanganyiko kwa kuchukua wastani. Changanya 50 ml za ethanoli na 50 ml za maji kwenye nyuzi 20. Ethanoli ni 39.5 g, maji ni 49.9 g, na mizani itasoma 89.4 g kamili. Sasa iname usome silinda. Kioevu hakifiki 100. Kimesimama karibu na 96 ml, kwa sababu molekuli za aina mbili zimejipanga kwa kubanana zaidi kuliko zilivyokuwa peke yake. Wastani ungekuambia densiti ni 0.894. Kipimo kinasema karibu 0.927.